Kiingereza cha Kuchuchumaa

Ninyi walimu vijana mnaotaka kufundisha Kiingereza magerezani huja hapa kwangu, juu ya Tengeru, mnakaa barazani, mnakunywa kahawa ya shamba langu, na swali lenu la kwanza huwa lile lile: tutumie kitabu gani? Juu ya vitabu nitasema machache baadaye, kwa kuwa ni machache yanayostahili kusemwa. Nitaanza na viatu.

Nilipostaafu ualimu wa sekondari niliombwa kulichukua darasa la Kiingereza la wafungwa watu wazima katika gereza moja ambalo sitalitaja. Aliyekuwa akilifundisha kabla yangu ni Mwalimu Ndosi, mzee wa Kichaga aliyeishi Engutoto, ambaye koo lilikuwa limeanza kumsaliti. Nilimwendea nyumbani ili anikabidhi kazi. Nilitarajia anipe mtaala. Yeye alinitazama miguuni.

"Hivyo viatu vina chuma kisiginoni?"

"Vinacho, Mwalimu. Fundi aliniwekea ili visilike upande."

"Nunua raba."

"Raba, kwa umri huu?"

"Nunua raba, Kaaya. Mengine utayaona mwenyewe."

Sikununua. Wazee walionifundisha Kilatini pale seminari walituzoesha kwamba mwalimu huanza kusomwa kwenye viatu vyake, kabla hajafungua kinywa, nami nilikuwa nimeishika kanuni hiyo maisha yangu yote ya kazi. Siku ya kwanza nilipita lango la gereza nikiwa na tai na viatu vilivyong'aa. Kutoka ukumbini nilisikia wanaume wakibishana na kucheka, kama darasa lolote linalomsubiri mwalimu. Kisha visigino vyangu vikagonga saruji ya ushoroba, na sauti zote zikakatika kwa pamoja. Nilipofika mlangoni nikakuta watu wazima, baadhi yao wenye mvi kunishinda, wamechuchumaa kwa safu, mikono juu ya magoti, macho sakafuni. Nilidhani wanasugua sakafu. Nikawaamkia. Hakuna aliyeinuka.

Nyapara wao, yaani mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake, alisema bila kuinua uso: "Samahani, mzee. Tulidhani ni bwana mkubwa."

Ndivyo nilivyojifunza somo ambalo Ndosi hakutaka kunipa kwa maneno. Mfungwa akisemeshwa na askari huchuchumaa kwanza, kisha hujibu. Hakuna anayemfundisha kwa kitabu. Mwili wake hujifunza katika juma la kwanza, na baada ya hapo mwili hausubiri tena amri. Husikia buti, hushuka. Siku iliyofuata nilinunua raba pale sokoni Tengeru, na kijana aliyeniuzia akaniuliza kama nimeanza mazoezi ya kukimbia. Nilimjibu kwamba naanza mazoezi ya kunyata.

Sasa vitabu. Nilichokabidhiwa kilikuwa kimetungwa kwa ajili ya watu wanaosafiri. Mada yake ya kwanza ilihusu uwanja wa ndege. Ya pili, nilichofanya mwishoni mwa juma. Nikaona busara kuanza na jambo lililo karibu nao, nikamtaka kila mmoja aeleze kwa Kiingereza anachofanya kila siku asubuhi. Wa kwanza akasema: naamka, nahesabiwa, nakunywa uji, nahesabiwa, naenda shambani. Wa pili akasema hayo hayo. Wa tatu vile vile. Walipofika wa sita darasa zima lilikuwa linacheka, na mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, tuandikie sentensi moja, tutasaini wote."

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Basi yashikeni haya, nami sitayarudia. Usimuulize mwanafunzi wako kosa lake; akitaka atakwambia, na akikwambia usionyeshe kwamba umepimapima ukweli wake. Usimuulize alifanya nini jana. Usiulize habari za mke mpaka amtaje mwenyewe. Kila somo lianze na liishe siku ile ile, kwa sababu mahabusu huondoka asubuhi kwa karandinga kwenda mahakamani na huenda asirudi, na mfungwa huhamishwa bila wewe kuambiwa. Niliwahi kuiacha hadithi katikati Jumanne. Alhamisi waliobaki waliniuliza ni nani atakayempelekea mwenzao mwisho wake, maana amehamishiwa gereza jingine. Tangu hapo sikuacha tena hadithi katikati.

Kitabu nilikiweka kabatini. Badala yake kila mwanafunzi alichagua kazi moja aliyoijua au aliyotaka kuifanya, akajifunza kuisema kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, kama anavyoisema mtu anayeulizwa na mgeni. Mwashi alijifunza kusema ukuta. Kinyozi alijifunza kusema kichwa. Mtu mzima hana subira ya kujifunza lugha nzima, lakini jambo lake mwenyewe atalijifunza hata kama maneno yake ni magumu. Hilo ndilo jema pekee nililolivumbua katika kazi ile, na ndilo lililotuletea msiba. Sasa nitawaeleza habari za Loishiye.

Loishiye alikuwa Mwarusha wa kwenye miteremko ya Meru, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kufungwa alikuwa mpagazi wa watalii mlimani. Siku aliyoomba kuingia darasani nilimuuliza kwa nini anataka Kiingereza.

"Mwalimu, nimebeba mizigo yao mpaka juu," akasema. "Wakifika wanapiga picha, wanafurahi, wananigeukia wananiambia maneno. Mimi najibu ndiyo. Mpaka leo sijui nilikubali nini."

Kazi aliyoichagua haikuwa upagazi. Alichagua kahawa. Mama yake alikuwa na kishamba cha kahawa chini ya migomba, naye alikulia humo, akichuma matunda mekundu kabla ya kwenda shule. Alijua kwamba hoteli nyingi za huku kwetu hutembeza wageni mashambani na kuwaeleza kahawa inavyokuzwa. Alitaka kuwa mtu anayeeleza. Na hakulitaka hilo kwa kupenda wageni tu. Watoto wake wawili walilelewa na bibi yao, huyo huyo mama yake, na bibi huyo, siku moja alipokuja kumtembelea, alimwambia mbele ya askari na mbele ya wafungwa wengine: "Ukitoka, uje na kazi inayotajika mbele ya watoto. Usipokuja nayo, utawasalimia getini kama mgeni, halafu utaendelea na safari yako."

Aliniambia maneno hayo kwa Kiswahili, kisha akaniomba nimfundishe kuyasema kwa Kiingereza. Nilikataa. Nilimwambia tuanze na mche.

Kwa taratibu za gereza, darasa halifanyiki bila askari. Wetu alikuwa Koplo Sifaeli, kijana wa Kichaga mwenye adabu, aliyesimama karibu na dirisha na kupiga miayo mpaka siku alipogundua kwamba anaelewa ninachofundisha. Tangu hapo hakupiga miayo tena. Alikuwa na matumaini yake ya cheo, na Kiingereza kingemsaidia. Akaniomba ashiriki. Nami nilihitaji mtu wa pili wa kuuliza maswali, kwa sababu sauti ya mwalimu mmoja huwachosha wanafunzi masikio; nikakubali.

"Leo mimi meneja wa hoteli," alikuwa akisema. "Nani anaomba kazi?"

"Mimi, afande."

"Sema kwa Kiingereza. Jina lako nani? Unatoka wapi? Unajua kazi gani?"

Na aliyeitwa alichuchumaa, akajibu kutoka chini. Hawakuamriwa. Sifaeli alikuwa na magwanda na buti, na aliyevaa magwanda na buti akikusemesha unashuka. Tulicheka sana katika masomo hayo, nisiwafiche. Siku moja mwanafunzi mmoja, akiwa chini hivyo hivyo, aliuliza mshahara wa hoteli hiyo ni nini.

"Ugali na maharage," akajibu Sifaeli kwa Kiingereza chake kizito.

"Basi, afande, kazi hiyo ninayo tayari."

Hata Sifaeli aliinamia dirisha kwa kicheko. Lakini nilikuwa nimeanza kuona jambo. Waliponijibu mimi, walisimama. Walipomjibu yeye, walishuka. Na wale waliojibu vizuri zaidi walikuwa wanajibu vizuri wakiwa chini, kwa sababu yeye ndiye aliyewauliza mara nyingi, na woga kidogo humfanya mtu akumbuke. Loishiye aliisema kahawa yake yote, kuanzia kitalu hadi kikombe, akiwa amekaa juu ya visigino vyake, mgongo umenyooka, bila kukosa neno.

Nilimwomba Sifaeli awaruhusu wasimame. Akakuna shingo. "Mwalimu, mimi sina shida. Ila akipita bwana mkubwa akamkuta mfungwa amesimama ananiangalia usoni, nitaeleza nini?"

Nikaenda kwa bwana mkubwa, Mkuu wa gereza mwenyewe. Nilieleza kwa utaratibu kwamba lugha hushikamana na hali ambayo mtu alikuwa nayo alipojifunza. Kwamba mtu anayekariri akiwa kitandani mgonjwa hukumbuka ugonjwa wake kila akikariri. Kwamba hawa watu watakwenda kuomba kazi kwa wenye kofia na sare. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Mwalimu," akasema, "wewe fundisha ulimi. Magoti tuachie sisi."

Maofisa wawili waliokuwepo walicheka. Nami nilitabasamu kwa adabu ya mgeni, nikaaga.

Nikatafuta njia nyingine. Nikawaandama waumini wa usharika wetu mpaka wakachangia mabenchi, nikiwaza kwamba mtu aliyeketi kwenye benchi walau magoti yake yamekaa kama ya mtu. Mabenchi yakaletwa kwa lori. Tuliimba, tuliomba, tulipigwa picha, na Mkuu wa gereza alitoa hotuba nzuri kuhusu utu wa mfungwa. Nilipofika wiki iliyofuata darasa lilikuwa sakafuni. Mabenchi yalikuwa yamehamishiwa bwaloni kwa askari, ambako, niliambiwa, kulikuwa na upungufu wa haraka zaidi. Yapo huko hadi leo. Nimewahi kuyakalia.

Loishiye alimaliza kifungo chake msimu ambao kahawa hapa kwangu ilikuwa inaanza kuwa nyekundu. Alikuja moja kwa moja kutoka gerezani, akapiga hodi, akaniamkia shikamoo, kisha akasimama shambani akiyatazama matawi kama mtu anayewatazama jamaa zake.

"Mibuni hii imechelewa kupunguziwa matawi, Mwalimu."

"Ndiyo maana umeletwa," nikamwambia.

Meneja wa hoteli moja iliyo kati ya Tengeru na msitu wa mlima ni mama wa Kichaga, Aikande, niliyemfundisha sekondari alipokuwa msichana mwenye mabishano mengi. Nilikwenda kwake. Sikumficha neno. Nilimweleza alikotoka Loishiye, na kwamba Kiingereza chake cha kahawa kinapita cha mtu yeyote ambaye Aikande amewahi kumwajiri.

Alizungusha kalamu mezani kwa muda. "Mwalimu, mimi nakuamini. Lakini mwenye hoteli hataki kusikia habari ya mtu aliyefungwa, na hata wafanyakazi wenyewe, wakijua, watamsingizia kila kijiko kitakachopotea. Tukubaliane hivi. Mimi najua, wewe unajua, yeye anajua. Inatosha. Aje Jumatano, kuna wageni wawili, mume na mke. Awatembeze. Wewe uje unywe chai barazani, usimame upande wake kama baba."

Loishiye alikuja na shati jeupe alilonyooshewa na mama yake. Aliniambia kwamba mama alilinyoosha mara mbili. Watoto walimwuliza anakwenda wapi, na bibi akawajibu yeye mwenyewe: "Baba anakwenda kazini." Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno hilo kutajwa nyumbani pale.

Kutoka barazani niliwaona wakiingia shambani: Loishiye mbele, wageni nyuma, Aikande pembeni, na watunza bustani wawili waliokuwa wakipalilia karibu. Niliweza kusikia karibu kila neno. Aliwaonyesha kwa nini mbuni hupenda kivuli cha mgomba. Alivunja tunda akawawekea mbegu viganjani pamoja na utelezi wake wote, akawaambia waonje utamu. Mgeni wa kike aliuliza swali ambalo hatukuwahi kulifanyia mazoezi, juu ya wanawake na wanaume, nani huchuma na nani huuza. Loishiye akajibu kwamba mama yake alichuma na baba yake aliuza, na kwamba yeye alipokuwa mtoto alidhani hiyo ni sheria ya nchi. Wakacheka. Aikande aligeuka akanitazama barazani, akatikisa kichwa kwa mshangao mzuri. Nakumbuka kwamba nilimimina kikombe cha pili cha chai. Nimefundisha watu wengi, baadhi yao ni majaji sasa, na sijapata kuona fahari kama ile.

Mlinzi wa hoteli alitokea njia ya bandani. Alikuwa mgeni kazini, kijana wa kampuni ya ulinzi, magwanda ya kaki, kofia, mabuti. Alifanya kazi yake tu. Aliona mtu asiyemjua katikati ya wageni, na walinzi wa pale walikuwa wameagizwa wasizungumze ila Kiingereza mbele ya wageni. Kokoto zikalia chini ya buti zake. Akasimama, akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kazi:

"Wewe. Jina lako nani? Unatoka wapi?"

Loishiye alikuwa katikati ya sentensi. Alichuchumaa.

Hakujikwaa wala hakuteleza, hata mtu aseme ameanguka. Alishuka wima, mikono ikaja juu ya magoti, macho yakaenda chini, na kutoka huko akajibu kwa Kiingereza safi jina lake na anakotoka. Kisha nikaona, hata kutoka nilipokuwa, kwamba amejitambua yuko wapi. Na hapo alifanya jambo ambalo silisahau. Hakuinuka haraka. Alichota udongo kwa mkono, akauinua kwa wageni, akaanza kueleza kwamba udongo huu mweusi ni majivu ya mlima, kwamba Meru ulipolipuka zamani ulitupa tumbo lake nje, na kahawa yetu inakula humo. Kiingereza chake hakikutetereka.

Wageni wakachuchumaa. Mume na mke, wote wawili, na suruali zao safi, wakachuchumaa pamoja naye kuutazama udongo, wakaugusa, wakaunusa. Mke akapiga picha. Walikuwa na furaha halisi. Walidhani ndivyo somo lilivyo.

Waliobaki wamesimama ni watu wa hapa: Aikande, mlinzi, watunza bustani wawili. Hao hawakutazama udongo. Mmoja wa watunza bustani aliegemea jembe lake na kusema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemsaidia mwenzake kutambua ndege: "Huyu katoka ndani huyu."

Mlinzi alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Kaka, ulipigwa miaka mingapi?"

Loishiye aliendelea kuwaeleza wageni juu ya majivu.

Aikande alinifuata barazani wageni walipokwenda kula. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwalimu, wale wageni wameniambia hawajapata mtembezaji bora kuliko huyu. Wanataka kumwandikia sifa."

"Basi."

"Basi nini, Mwalimu? Umeona mwenyewe. Jikoni wameshajua. Jioni mwenye hoteli atajua. Angekosea Kiingereza ningemtetea. Angevunja kikombe ningemtetea. Hili nitalitetea vipi?"

Nilimwambia kwamba hakuna kosa lililofanyika. Akasema anajua. Akaniuliza kama nataka gari lituteremshe, nikasema tutatembea.

Tuliteremka kwa miguu mimi na Loishiye, kati ya migomba ya watu. Nami nilikuwa natafuta la kusema, nikalipata la kitaalamu, kama ilivyo desturi yetu. Nilimwambia kwamba tutafanya mazoezi. Nitaazima koti la mlinzi wa shule, nitalivaa, nitamuuliza maswali kwa Kiingereza kila Jumamosi, naye atajibu amesimama, mpaka magoti yasahau. Nilisema ni suala la muda.

"Mwalimu," akasema, "wewe umeona nilivyokuwa nawasalimia askari wa njiani leo asubuhi, tulipopita kituoni?"

"Niliona. Uliwasalimia vizuri."

"Kwa Kiswahili. Nilisimama?"

"Ulisimama."

"Nikisema Kiswahili nasimama, Mwalimu. Na Kimaasai nasimama. Askari yeyote aje na buti zake. Ni hicho Kiingereza ndicho kinanishusha." Alitembea hatua kadhaa. "Nilikipenda sana. Lakini sikukipata mahali pazuri."

Kwake tuliagana kabla ya geti. Aliniomba nisiingie. Watoto walikuwa wanacheza uani, na mama yake alikuwa mlangoni, akiwa ameuona mwendo wa mwanawe tangu mbali. Alirudi ndani, akatoka na kigoda, akakiweka nje ya geti.

Wiki iliyofuata nilikwenda gerezani kueleza. Mkuu alikuwa mpya, yule wa magoti amepandishwa cheo. Nilieleza yote, kuanzia Sifaeli hadi majivu. Naye alikuwa msikilizaji mzuri.

"Lakini Kiingereza alizungumza?" akauliza.

"Alizungumza vizuri mno."

"Na wageni walimsifu?"

"Walimsifu."

Akatazamana na ofisa wake, akatabasamu kwa ukarimu. "Basi mpango umefanikiwa, Mwalimu. Hilo ndilo tutakaloripoti. Hongera sana."

Niliiacha chaki juu ya meza yake. Sikugombana; sikulelewa kugombana ofisini kwa mtu. Sifaeli alinisindikiza mpaka langoni. Alikuwa amepata cheo chake, na alipoagana nami kwa Kiingereza, Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Alijifunza amesimama.

Kwa hiyo mnaponiuliza kitabu gani, nachelewa kujibu, nanyi mnadhani uzee unanisahaulisha. Siku hizi mna mbinu nilizozisikia kwa mbali tu: simu inayotamka maneno, picha zinazosogea, michezo. Zitumieni. Lakini kabla ya neno la kwanza, mwambieni mkuu wa gereza kwamba mwanafunzi wenu atajibu amesimama, kwa yeyote atakayemuuliza, awe na buti au asiwe nazo. Akiwaambia mfundishe ulimi na magoti mmuachie yeye, msitabasamu kama nilivyotabasamu. Geukeni mwondoke. Darasa litafungwa, na mtajiona wakatili, na wanafunzi watawalaumu. Watakuwa na haki ya kuwalaumu. Hata hivyo ondokeni.

Jumamosi zile za koti la mlinzi hazikuwahi kuanza. Koti ninalo, liko nyuma ya mlango huo, na mmoja wenu ameshawahi kuniuliza ni la nani.

Loishiye huuza ndizi na maparachichi sokoni Tengeru, upande wa chini, karibu na wauza kamba. Anauza vizuri. Nilipita kwake siku ya soko iliyopita nikakuta watalii watatu wamesimama mbele ya meza yake na kijana anayewaongoza, ambaye Kiingereza chake, naomba radhi, ni cha kubahatisha. Mmoja wao aliokota ndizi ndogo nyekundu, akauliza ni ndizi gani hiyo na huliwaje. Yule kijana alibabaika, akasema ni ndizi nyekundu. Mgeni akamgeukia Loishiye mwenyewe, akamuuliza tena, polepole, akimtazama usoni.

Nilikuwa nyuma yao kidogo. Nilijua kwamba jibu zima analo. Ningeweza kulisema pamoja naye, neno kwa neno, kwa kuwa ndizi hiyo ilikuwa katika somo la kivuli cha mibuni.

Loishiye alitikisa kichwa kwa upole. Alionyesha kinywa chake, akamenya hewa kwa vidole, akatabasamu. "Tamu," akasema kwa Kiswahili.

Walipoondoka nilisogea. Nikamwamkia kwa Kiingereza, kwa mazoea tu, kama nilivyomwamkia miaka yote ile. Alinitazama kana kwamba nimemsemesha mtu aliyesimama nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. Alikuwa amesimama wima kabisa.

"Marahaba," nikamjibu, nikachagua ndizi.